Koo, kinga ya mwili na wasiwasi usiokoma

Watu wa pwani wana jina la zamani la tatizo hili. Mtu anafika bombani kabla ya wenzake, anaanza kutawadha, na jamaa wanapotoa salamu ya mwisho wa sala yeye bado yuko palepale anaosha mkono uleule. Anajua ameshauosha. Anauona umelowa. Lakini kuna kitu ndani yake kinamwambia haujatakata, na asipourudia roho haitulii. Wazee husema ana wasiwasi, na neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, waswas, mnong'ono unaoingia moyoni bila kualikwa. Mwingine mnong'ono wake hauhusu udhu. Unahusu kufuli la mlango, moto wa jiko, au hofu ya kutisha kwamba atamdhuru mtoto wake mwenyewe, mtoto anayempenda kuliko kitu chochote.

Hospitalini hali hii huitwa OCD. Ina pande mbili: mawazo yanayojileta na kung'ang'ania, na vitendo ambavyo mtu hulazimika kuvirudia ili mawazo hayo yapoe kwa dakika chache. Kati ya watu 100, mmoja hadi watatu huipata wakati fulani maishani. Hapa nitaiita wasiwasi wa kujirudia. Kwa walio wengi huja taratibu, miezi hata miaka, mpaka mwenyewe hawezi kutaja siku ulipoanza.

Wapo watoto wachache ambao siku hiyo mama zao wanaikumbuka. Jumamosi mtoto alikuwa anacheza rede uani, Jumatatu hataki kugusa kitasa cha mlango, ananawa mpaka ngozi inachubuka, analia mama akienda chooni, anakojoa kila baada ya dakika kumi na mwandiko wake umeharibika kama wa mtoto wa chekechea. Na ukirudi nyuma wiki chache, mara nyingine kuna koo lililokuwa likiuma. Je, koo linaweza kuugeuza ubongo wa mtoto? Jibu linagawanyika. Kuna mahali ambapo ni ndiyo bila shaka yoyote, kuna mahali ambapo madaktari wazuri wamebishana kwa zaidi ya miaka 25, na kuna mahali ambapo watu wamelichukua jambo dogo la kweli wakalivuta kuliko linavyovutika.

Mahali pa uhakika ni pa zamani sana. Mwaka 1686 daktari wa London, Thomas Sydenham, aliandika habari za watoto ambao viungo vyao vilikuwa vinacheza bila wao kutaka. Watu wa enzi zake waliita hali hiyo ngoma ya Mtakatifu Vitus, kwa sababu walioathirika walipelekwa kumwomba mtakatifu huyo. Leo ugonjwa una jina la Sydenham mwenyewe. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na wasichana kuliko wavulana. Uji unamwagika kabla kijiko hakijafika mdomoni. Ukimwambia atoe ulimi na auache nje, unarudi ndani wenyewe. Ukimpa mkono akushike, kiganja chake kinabana na kulegea, kinabana na kulegea, kama anakamua ng'ombe. Anacheka na kulia ndani ya dakika moja. Shuleni anaonekana mtundu au mzembe, na nina hakika wako waliochapwa kwa ajili ya daftari chafu lililochafuliwa na ugonjwa.

Ilichukua muda mrefu sana kufahamu kwamba ngoma hii ni tawi la homa ya rumatiki, homa ileile inayovimbisha magoti na kuharibu valvu za moyo. Daktari wa Marekani T. Duckett Jones alipoandika vigezo vya kuitambua homa hiyo mwaka 1944, ngoma ya Sydenham aliiweka miongoni mwa vigezo vikuu, na hadi leo mtoto mwenye ngoma hiyo, ikiwa hakuna sababu nyingine inayoieleza, huhesabiwa kuwa ana homa ya rumatiki hata kama hana dalili nyingine. Homa ya rumatiki nayo chanzo chake ni bakteria anayeitwa streptokokasi wa kundi A, ambaye makazi yake ya kawaida ni koo na ngozi.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanadhani bakteria amepanda kutoka kooni akaingia kichwani. Hakuingia. Ukimpima mtoto wakati viungo vinacheza, kooni mara nyingi humkuti tena, maana ngoma huanza wiki kadhaa, hata miezi sita, baada ya koo kupona. Kinachofika kwenye ubongo ni jeshi la mwili wenyewe.

Fikiria sungusungu wa kijiji walioambiwa kwamba mwizi amevaa shati jekundu lenye mistari myeupe. Wanamkamata, vizuri. Lakini usiku uleule anapita mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa heshima, amevaa shati linalofanana. Kinga ya mwili hufanya kazi hivyo. Hutengeneza kingamwili, protini ndogo zinazolitambua umbo fulani juu ya bakteria na kulishika. Streptokokasi wa kundi A ana maumbo juu ya gamba lake, ikiwemo sukari na protini, yanayofanana na maumbo yaliyomo kwenye misuli ya moyo, kwenye valvu, na kwenye seli za ubongo. Kwa watoto wengi kosa halitokei. Kwa wachache, pengine kwa namna walivyorithi kinga yao na kwa jinsi walivyoambukizwa mara kwa mara, kingamwili zinamkamata mwalimu.

Ndani kabisa ya ubongo kuna mafundo ya seli yanayoitwa ganglia za msingi. Kazi yake naifananisha na ya mlinzi wa geti: kati ya mijongeo na mawazo mengi yanayotaka kupita, ipi ipite, ipi izuiwe, na ipi ikishapita isirudi. Geti likilegea upande wa mijongeo, mkono unaruka bila ruhusa, bega linashtuka, jicho linakonyeza. Likilegea upande wa mawazo, wazo lililokwisha kujibiwa linarudi tena mlangoni: umenawa? umenawa? umenawa? Mijongeo na mawazo vinapita sehemu za jirani za geti hilohilo, ndiyo maana mtoto mwenye mishtuko ya misuli na mtoto mwenye wasiwasi wa kujirudia mara nyingi ni mtoto mmoja.

Mwaka 2003 timu ya Madeleine Cunningham huko Oklahoma ilichukua kingamwili za wagonjwa wa ngoma ya Sydenham ikaziweka kwenye seli za neva maabara. Kingamwili zilizokamata sukari ya streptokokasi zilikamata seli za neva pia, tena zikawasha ndani ya seli kimeng'enya kinachohusika na utoaji wa dopamini, kemikali ambayo ganglia za msingi huitegemea sana. Damu ya wagonjwa waliokwisha kupona haikufanya hivyo. Kwangu hicho ndicho kipande chenye uzito kuliko vyote. Kuona kingamwili zimekaa karibu na seli ni jambo moja, kuona zinaiamrisha seli ni jambo jingine.

Na wasiwasi wenyewe? Fernando Asbahr na wenzake wa São Paulo, Brazili, walifuatilia watoto 50 wenye homa ya rumatiki kwa miezi sita. Thelathini walikuwa na ngoma ya Sydenham, ishirini hawakuwa nayo. Hao walikuwa na homa ileile bila ubongo kuguswa. Katika wale 30, watoto 21 walipata mawazo ya kung'ang'ania na vitendo vya kujirudia. Katika wale 20, hakuna hata mmoja. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1998, na mimi huurudia kila mtu anaponiambia kwamba mtoto mgonjwa anapata wasiwasi kwa sababu tu amechoka na kuugua. Makundi yote mawili yaliugua.

Mpaka hapa hakuna ugomvi.

Ugomvi unaanzia Bethesda, Marekani, katika taasisi ya taifa ya afya ya akili. Daktari wa watoto Susan Swedo alikuwa akiwachunguza watoto wa ngoma ya Sydenham, akaona kwamba kwa baadhi yao wasiwasi ulitangulia wiki chache kabla viungo havijaanza kucheza. Akajiuliza swali la haki kabisa: je, hawako watoto wengine ambao kwao kilichotokea ni wasiwasi peke yake, ngoma isifuate? Mwaka 1998 alichapisha maelezo ya watoto 50 wa aina hiyo na kuipa hali yao jina refu ambalo kifupi chake ni PANDAS. Masharti yalikuwa haya: wasiwasi wa kujirudia au mishtuko ya misuli, ianze kabla ya kubalehe, ije ghafla na kwenda kwa vipindi, mtoto awe na dalili za mfumo wa neva kama mijongeo isiyo ya kawaida, na yote yafuatane na maambukizi ya streptokokasi. Wasiwasi kwa watoto hao ulianza kwa wastani wakiwa na umri wa miaka 7 na ushei, na wavulana walikuwa zaidi ya mara mbili ya wasichana.

Maelezo yale yaliwapa wazazi wengi pumzi. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amewaambia kwamba hawakumlea mtoto vibaya. Lakini sharti la mwisho, lile la kufuatana na streptokokasi, ni gumu kulithibitisha kuliko linavyosikika. Streptokokasi ni wa kawaida mno kwa watoto wa shule. Ukipima makoo ya wanafunzi wazima wasio na dalili yoyote, karibu mmoja kati ya kila kumi anaye, amekaa tu. Kipimo cha damu kinachoonyesha kwamba mwili ulipambana naye hubaki juu kwa miezi. Mishtuko ya misuli nayo ina tabia ya kupanda na kushuka yenyewe. Chukua kitu kinachopanda na kushuka, kiweke kando ya kitu kilichomo kila mahali, vitakutana tu, hata kama havijuani.

Roger Kurlan na wenzake walijaribu kulimaliza hilo kwa kuwafuatilia watoto 40 waliotimiza masharti ya PANDAS, kila mmoja akilinganishwa na mwenzake mwenye tatizo hilohilo lakini asiyetimiza masharti, kwa takriban miaka miwili. Walichapisha mwaka 2008. Mara chache tatizo lilizidi baada ya maambukizi ya streptokokasi, na mara hizo zote zilikuwa kwa watoto wa PANDAS, jambo lisilopaswa kudharauliwa. Lakini zaidi ya robo tatu ya vipindi vya kuzidiwa havikuwa na uhusiano wowote na bakteria huyo. Kwa hiyo hata pale ambapo streptokokasi huenda aliwasha moto, si yeye anayeuchochea kila siku.

Matibabu yameyumba vilevile. Mwaka 1999 jaribio la watoto 30 lilionyesha kwamba kuwasafishia damu kingamwili, au kuwatundikia dripu ya kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangia damu wengi, kulipunguza wasiwasi kwa kiasi kikubwa. Ikapokelewa kwa shangwe. Mwaka 2016 dripu hiyo ilijaribiwa tena kwa watoto 35, nusu wakipewa dripu ya kweli na nusu ya bandia, na baada ya wiki sita tofauti kati ya makundi haikutosha kuitegemea. Nimesoma watu wakilitumia jaribio la pili kusema hadithi yote ni uongo, na wengine wakilitumia la kwanza kuuza matibabu ya gharama kubwa. Watoto 30 na watoto 35 ni wachache kwa hukumu yoyote kati ya hizo mbili.

Kwa sababu ya ubishi juu ya streptokokasi, Swedo na wenzake mwaka 2012 walipendekeza jina pana zaidi, PANS, linaloangalia ghafla ya ugonjwa bila kulazimisha chanzo. Mtoto apatwe ghafla na wasiwasi wa kujirudia au akatae chakula kwa kiasi cha kutisha, pamoja na mabadiliko mengine kama hofu ya kuachwa, hasira, kurudi nyuma kimakuzi, kushuka darasani, usingizi kuvurugika au kukojoa mara kwa mara. Naliona ni badiliko la kiungwana, kwa kuwa lilitenganisha kile ambacho daktari anakiona kwa macho na kile anachokikisia.

Wakati huohuo maabara hazijanyamaza. Huko New York, kikundi cha Dritan Agalliu kimeonyesha kwa panya kwamba maambukizi ya streptokokasi yanayorudiwa puani huzalisha askari wa kinga ambao hufuata njia ya mishipa ya harufu hadi ndani ya ubongo, na kulegeza ule ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Tilia mkazo neno yanayorudiwa. Swali la siku nyingi lilikuwa kingamwili zinapitaje ukuta huo, ambao kwa kawaida huzifungia nje. Huko Yale, mwaka 2021, watafiti walionyesha kwamba kingamwili za baadhi ya watoto wa PANDAS hukamata aina moja mahususi ya seli ndani ya ganglia za msingi na kupunguza kazi yake. Tena tangu mwaka 2007, Josep Dalmau alipoeleza ugonjwa wa ubongo ambamo kingamwili humfanya binti mzima aonekane amerukwa na akili kisha akapona kwa dawa za kutuliza kinga, hakuna daktari wa neva anayeweza tena kusema kwamba kinga ya mwili haiwezi kuvuruga fikra.

Halafu kuna hesabu ya Denmark, nchi ambayo rekodi za afya za kila raia zimetunzwa. Mwaka 2017 Sonja Orlovska na wenzake walichapisha uchambuzi wa zaidi ya watoto milioni moja. Waliokutwa na streptokokasi kooni walikuwa na uwezekano wa kupata wasiwasi wa kujirudia ulioongezeka kwa asilimia 51. Ukisikia asilimia 51 unaweza kuogopa kila kikohozi, basi tuiweke chini tuione. Ikiwa katika watoto 1,000 wasiowahi kuugua koo wanne wangepata ugonjwa huu, katika 1,000 walioambukizwa wangekuwa sita. Mia tisa tisini na wanne hawapati kitu. Na hata waliougua koo lisilo la streptokokasi walikuwa na ongezeko, ingawa dogo zaidi, ishara kwamba pengine vurugu ya kinga kwa ujumla nayo ina sehemu yake.

Kwa mtu mzima aliyeanza wasiwasi akiwa na miaka 20, ukamjia polepole, sioni sababu ya kumpa antibayotiki, na wala majaribio hayaonyeshi kwamba zingemsaidia. Tiba zilizothibitika kwake zipo: mazoezi ya hatua kwa hatua ya kukikabili kinachomtisha bila kukitendea kitendo chake, akiongozwa na mtaalamu, na dawa kama fluoksetini. Hata mtoto ambaye wasiwasi wake ulitokana na kinga, tiba hizo humfaa pia.

Sasa, kwetu. PANDAS ilibuniwa Marekani, nchi ambayo homa ya rumatiki imekuwa adimu. Sisi tunaishi na homa yenyewe. Zaidi ya watu milioni 40 duniani wana ugonjwa wa moyo uliotokana nayo, wengi wao katika nchi kama zetu, na kila daktari wa moyo wa Kampala au Dar es Salaam amemwona binti wa miaka 14 anayepumua kwa shida kwa sababu ya makoo ambayo hakuna aliyeyatibu. Kaskazini mwa Uganda watafiti walipima mioyo ya watoto zaidi ya 100,000, na katika jaribio lao wakawahesabu 818 wenye dalili za mwanzo ambazo wao wenyewe hawakuzijua. Nusu walipewa sindano ya benzathini penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Katika waliochomwa, moyo uliharibika zaidi kwa watoto 3. Katika wasiochomwa, 33.

Naleta habari za moyo kwenye makala ya wasiwasi kwa sababu bakteria ni mmoja, kosa la kinga ni la aina moja, na mtoto ni yuleyule. Binti anayeanza ghafla kuwa na wasiwasi, huku vyombo vinamponyoka na uso unamchezacheza, anaweza kuwa na valvu zinazoharibika wakati huohuo bila maumivu yoyote kifuani. Huku kwetu wa kwanza kuitwa mara nyingi ni mganga, au sheikh, au mchungaji, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla namna ile yanafanana kweli na mtu aliyekumbwa. Simlaumu mzazi, hata mimi ningetetemeka. Dua isomwe. Lakini mtoto asikilizwe moyo, na ikiwezekana apigwe picha ya moyo, wiki hiyohiyo.

Na koo lenyewe litibiwe kwa akili. Makoo mengi ya watoto huletwa na virusi, na antibayotiki hazivigusi. Linalotia shaka ni la homa, tonsesi zilizovimba zenye madoa meupe, tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi wala mafua. Hilo lipimwe au lionwe na mhudumu wa afya, na likitibiwa dozi imalizwe: siku kumi za vidonge au sindano moja, ndani ya siku tisa tangu kuanza kuuma, bado zinaizuia homa ya rumatiki. Streptokokasi huyu, kwa rehema, hajawahi kuwa sugu kwa penisilini ya kawaida tangu ilipoanza kutumika. Kukata kimeo hakumwondoi, kwa kuwa makazi yake si kimeo, na kisu kile kimewahi kuua watoto kwa kuvuja damu.

Mtoto akibadilika ghafla, kitu cha kwanza cha kufanya ni kuandika tarehe: siku alipobadilika, siku koo lilipouma mara ya mwisho, la kwake na la ndugu zake anaolala nao. Andika alichoanza kukirudia na alichoacha kula. Mpige video fupi ya mikono akiwa ameinyoosha mbele, na uchukue karatasi moja ya mwandiko wake wa mwezi uliopita na moja ya leo. Daktari ana dakika chache na wewe, na kitu anachokihitaji kuliko vyote katika ugonjwa huu, yaani mpangilio wa siku, hakipatikani kwenye kipimo chochote cha damu.